Mchezo wa Maneno kwa Dadu za Herufi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa ajili ya familia zinazotaka kucheza kwa Kiswahili mchezo ambao kanuni zake za asili zilitungwa kwa Kiingereza. Mengi katika kanuni hizo yanafaa yalivyo. Machache hayafai hata kidogo, na ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa zaidi hapa.

Huu ni mchezo gani, na ulitoka wapi?

Ni mchezo wa kusaka maneno katika mraba wa dadu 16, ambazo kila moja ina herufi badala ya vitone. Dadu hutikiswa, hupangwa safu nne kwa nne, kisha wachezaji wote kwa wakati mmoja huandika kila neno wanaloliona mpaka muda uishe. Jina lake la kibiashara ni Boggle. Aliyeubuni ni Mmarekani Allan Turoff, na kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza mchezo huo mwaka 1972. Siku hizi alama hiyo ya biashara inamilikiwa na Hasbro.

Watu huuchanganya na Scrabble, lakini ni michezo miwili tofauti. Katika Scrabble kila mmoja ana vigae vyake na husubiri zamu yake, ilhali hapa hakuna zamu: wote wanatazama herufi zilezile, na anayeshinda ni yule aliyeona ambacho wengine hawakukiona. Kwa sababu hiyo mchezo huu unafaa sana pale ambapo subira ya watoto ni fupi, kwa kuwa hakuna anayekaa bure.

Wanahitajika wachezaji wangapi, na wa umri gani?

Wawili wanatosha, na hata mtu mmoja anaweza kujichezea akishindana na alama zake za awali. Wakizidi wanane, kulinganisha orodha huchukua muda mrefu kuliko kucheza kwenyewe. Kuhusu umri, mtoto anayesoma na kuandika maneno ya silabi mbili bila kusaidiwa yuko tayari, na aliye mdogo zaidi anaweza kuunganishwa na mtu mzima wakawa mchezaji mmoja.

Maneno hutafutwaje ndani ya mraba?

Neno huanza kwenye dadu yoyote na kusonga kwenda dadu inayopakana nayo, iwe juu, chini, kushoto, kulia au kwa mshazari. Njia inaweza kupinda wakati wowote. Lililokatazwa ni kuruka dadu, au kurudia dadu ileile mara mbili ndani ya neno moja. Neno liwe na herufi tatu au zaidi. Huu hapa ni mraba mmoja wa mfano:

K A T I
M L U N
A S H A
W I M B

*Simba* linapatikana kwa kuanzia S ya safu ya tatu, kushuka kwenye I, kwenda kulia kupitia M na B, kisha kupanda kwenye A. *Katuni* linaanzia pembe ya juu kushoto, linafika T, linashuka U, linakwenda N na kupanda I. *Mashua* linaanzia M ya safu ya pili, linateremka A, linapitia S na H, linapanda U, kisha linamalizikia kwenye A iliyo ukingoni kulia. Yamo pia *kama*, *kati*, *sala*, *wala*, *tusi*, *nusa*, *wima*, *hima* na *sima*, na msomaji mwenye macho makali ataongeza mengine.

*Shamba*, hata hivyo, halimo, ingawa karibu kila anayeutazama mraba huu hulikimbilia. S, H, A, M na B zimepangana vizuri kabisa, lakini A pekee inayopakana na B ni ileile iliyokwisha kutumika baada ya H. Makosa ya namna hii ndiyo yanayoongoza mezani, na dawa yake ni kila mchezaji kuonyesha njia ya neno lake kwa ncha ya kalamu pale anapoulizwa.

Muda ni kiasi gani?

Dakika tatu. Sanduku linalouzwa dukani huja na saa ndogo ya mchanga, lakini kipima muda cha simu kinafanya kazi hiyo vilevile, ila simu iwekwe kifudifudi ili ujumbe unaoingia usimvutie mtu. Muda ukiisha kalamu zinawekwa chini, na neno ambalo halijakamilika halihesabiwi hata kama imebaki herufi moja tu.

Alama huhesabiwaje?

Kila mchezaji husoma orodha yake kwa sauti. Neno lililoandikwa na wachezaji wawili au zaidi hufutwa kwa wote walioliandika, na yale yaliyobaki hupewa alama kulingana na urefu: neno la herufi tatu au nne hupata alama 1, la herufi tano alama 2, la sita alama 3, la saba alama 5, na la herufi nane au zaidi alama 11.

Tuchukue mraba ule wa mfano. Bibi ameandika *mashua*, *simba*, *kama* na *nusa*. Mama ameandika *simba* na *katuni*. Mtoto ameandika *kama*, *simba* na *sima*. *Simba* linafutwa kwa wote watatu, na *kama* linafutwa kwa bibi na mjukuu wake. Bibi anabaki na alama 4, mama na alama 3, mtoto na alama 1. Mchezo huendelea kwa mizunguko mpaka mmoja afikishe jumla iliyokubaliwa tangu mwanzo, mara nyingi 50 au 100.

Kanuni ya kufuta ndiyo roho ya mchezo, lakini inawaumiza wadogo, ambao huona maneno mepesi ambayo kila mtu ameyaona. Familia yenye watoto wa madarasa ya chini inaweza kukubaliana kwamba neno la mtoto halifutwi hata likiwamo kwenye orodha za wakubwa, huku wakubwa wakiendelea kufutiana. Hili ni bora kuliko kumwongezea mtoto alama za bure, kwa kuwa bado atapata alama kwa neno aliloliona mwenyewe.

Je, dadu za Kiingereza zinafaa kwa Kiswahili?

Zinafaa kwa kuanzia tu, na upungufu wake huonekana mapema. Seti ya Kiingereza ina uso mmoja wenye Q na U pamoja, na mwingine wenye X, ambazo hazina kazi katika maandishi ya Kiswahili sanifu. C nayo haisimami bila H, kwa hiyo ikitokea mbali na H inakuwa pengo. Hata hivyo, tatizo kubwa ni irabu. Silabi nyingi za Kiswahili huundwa na konsonanti pamoja na irabu, na karibu kila neno huishia kwa irabu, hivyo karibu nusu ya herufi tunazoandika ni irabu, A ikiwa mbele ya zote. Dadu zilizogawanywa kwa mahitaji ya Kiingereza hutoa miraba mingi iliyojaa konsonanti, nao wachezaji hukaa dakika tatu wakitazamana.

Mwenye seti ya dukani anaweza kupunguza tabu kwa kukubaliana kwamba Q, X, na C isiyopakana na H, ni herufi huru ambazo mchezaji huzisoma kama irabu yoyote aitakayo. Atakayetaka mchezo mzuri zaidi atengeneze dadu zake.

Dadu za Kiswahili zigawanyweje herufi?

Alfred Butts, aliyebuni Scrabble huko Marekani katika miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili kujua kila moja inatokea mara ngapi. Njia hiyo inamfaa yeyote: chukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili, hesabu, kisha gawanya nyuso za dadu kwa uwiano unaoupata. Ni kazi ya jioni moja, na watoto huipenda kuliko inavyodhaniwa.

Asiyetaka kuhesabu anaweza kuanza na mgawanyo ufuatao wa nyuso 96, yaani dadu 16 zenye nyuso sita kila moja. Irabu zichukue nyuso 42: A 16, I 9, U 8, E 5 na O 4. Konsonanti zichukue 54 zilizobaki: K, M na N sita kila moja, L, T na W nne kila moja, S na H tatu kila moja, B, D, G, P, R, Y na Z mbili kila moja, halafu F, J, V na Ch moja kila moja. Ch iandikwe kwenye uso mmoja, na wakati wa kuhesabu urefu wa neno ihesabiwe herufi mbili, kama QU inavyohesabiwa katika mchezo wa asili. Sauti kama *sh*, *dh*, *ny* na *ng* ziachwe ziundwe na dadu mbili zilizopakana. Alama ya ritifaa katika *ng'ombe* ipuuzwe.

Zaidi ya idadi, angalia pia mpangilio. Dadu kumi zipewe irabu tatu kila moja na sita zilizobaki zipewe irabu mbili kila moja; kwa njia hiyo kila mtikiso utatoa wastani wa irabu saba. Ukizirundika irabu kwenye dadu chache, idadi yake itakuwa karibu ileile kila mara na miraba itaanza kufanana.

Zinaweza kutengenezwa nyumbani kwa vifaa gani?

Fundi seremala anaweza kukata vipande 16 vya mchemraba wa sentimita mbili kutoka kwenye ubao chakavu, kisha vikapigwa msasa. Herufi ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika, zote kubwa. M na W zipigwe mstari chini, vivyo hivyo N na Z, kwa sababu dadu huanguka ikielekea popote na M iliyopinduka ni W kamili. Katika Kiswahili ubishi huu hautaisha msipoweka mistari, maana herufi hizo mbili za mwanzo ndizo viambishi vya *mtu* na *watu*.

Kwa mraba wa kupangia, trei ya karatasi ya mayai 30 ina vishimo sita kwa vitano. Ikate ubaki na vinne kwa vinne. Tikisa dadu ndani ya bakuli lililofunikwa, kisha weka moja moja kwenye vishimo bila kuchagua uso. Mraba ukishapangwa usizungushwe. Kusoma herufi zilizolala ubavu ni sehemu ya mchezo.

Ni maneno gani yanakubaliwa?

Hapa ndipo familia nyingi hugombana, kwa kuwa kanuni ya asili inakubali umbo lolote la neno lililomo kwenye kamusi, zikiwamo nyakati za vitenzi. Kwa Kiingereza ruhusa hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu kitenzi kina maumbo machache. Kwa Kiswahili inavunja mchezo. Chukua *pika*, ambalo ni alama 1. Likitokea karibu na N na A mbili, mchezaji ataandika *anapika* kwa alama 5. Ikiwapo U jirani ya N ataongeza *unapika*, alama 5 nyingine. Na ikiwapo W jirani ya A ya kwanza ataongeza *wanapika*, alama 11. Hizo ni alama 21 bila kuvumbua neno jipya hata moja. Alama 11 ziliwekwa kwa sababu neno la herufi nane ni adimu kwa Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili anaunda la Kiswahili kwa kupachika viambishi.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kali: kitenzi kikubaliwe katika umbo linaloanza maelezo ya kamusi (*pika*, *imba*, *nusa*), bila kiambishi cha nafsi, cha wakati wala *ku-*. Minyambuliko kama *pikia*, *pikwa* na *pikisha* ikubaliwe, kwa kuwa kila mmoja una maana yake na kuuona kunahitaji jicho. Vitenzi vya silabi moja kama *nywa* viruhusiwe iwapo vinafikisha herufi tatu.

Nomino zikubaliwe katika umoja na wingi, na kila umbo lihesabiwe peke yake: aliyeona *kitu* na *vitu* apate yote mawili. Kiambishi *-ni* cha mahali kisikubaliwe kwa nomino yoyote tu, la sivyo kila orodha itajaa *sokoni* na *mezani*. Maneno kama *pwani*, ambayo yana nafasi yake katika kamusi, yabaki. Vivumishi vikubaliwe vikiwa na upatanisho sahihi, kama *mzuri* na *vizuri*, na pia vile visivyohitaji kiambishi katika baadhi ya ngeli, kama *refu* katika *jengo refu*. Shina lisilosimama peke yake popote, kama *ema*, likataliwe, ilhali *njema* na *jema* yapite.

Majina ya watu na mahali je?

Hayakubaliwi: hakuna Mombasa, Kigoma wala Fatuma. Lakini majina mengi ya watu katika Kiswahili ni nomino za kawaida pia, na hayo yanapita bila mjadala. *Baraka*, *neema*, *zawadi*, *bahati*, *rehema* na *tumaini* ni halali, na hata *juma* ni halali kwa maana ya wiki.

Maneno ya lahaja, ya mtaani na ya mikopo yanahesabiwa?

Mikopo iliyokwisha kuingia kamusini na kuandikwa kwa tahajia ya Kiswahili inahesabiwa, kuanzia *meza* na *shule* hadi *televisheni*. Sheng na maneno ya vijiweni yaachwe, si kwa kuyadharau, bali kwa sababu hakuna wa kuamua tahajia yake mezani.

Kuhusu lahaja tungekuwa wapole zaidi. Mzee wa Lamu, Pemba au Mombasa ana maneno ambayo kijana wa Dodoma hajawahi kuyasikia, na kumnyima alama kwa sababu hiyo ni kumwadhibu kwa kujua zaidi. Kanuni inayofanya kazi ni hii: neno la lahaja likubaliwe endapo anayelitoa anaweza kueleza maana yake na kulitumia katika sentensi, na angalau mtu mwingine mmoja aliyepo analifahamu. Familia zenye asili ya Kongo zinaweza kuweka makubaliano kama hayo kwa maneno ya Bukavu au Lubumbashi.

Tukibishana kuhusu tahajia, nani mwamuzi?

Kamusi moja iliyochaguliwa kabla ya kuanza. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotayarishwa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa kwanza mwaka 1981, ipo katika nyumba nyingi na imefanyiwa matoleo mapya. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania) ni kubwa na ya karibuni zaidi. Msitumie mbili kwa pamoja, kwa maana anayeshindwa katika moja ataikimbilia ya pili.

Tahajia iangaliwe kama ilivyoandikwa, si kama ilivyotamkwa. Wanaobadilishana *r* na *l* katika usemi, au kusema *z* mahali pa *dh*, watajikuta wanapoteza alama: *zahabu* si *dhahabu*, na *kura* na *kula* ni maneno mawili. Vivyo hivyo kwa wanaoacha *h* mwanzoni na kuandika *abari*. Hasira huwapo mizunguko ya mwanzo, kisha kila mtu hujirekebisha.

Kuna mbinu za kuona maneno mengi zaidi?

Ipo inayotokana moja kwa moja na umbo la Kiswahili, nayo ni kuanzia mwisho. Kwa kuwa neno litaishia kwa irabu, shika kila irabu kwenye mraba na uulize ni konsonanti zipi zinaizunguka. Utapata silabi za mwisho kadhaa, na maneno yatajiunda kurudi nyuma. Baada ya hapo tafuta konsonanti zinazopenda kuandamana: *mb*, *nd*, *nj*, *ng*, *mw*, *kw* na *sh*. Ukiona M na B zimepakana, weka jicho hapo kwanza.

Ukipata nomino, angalia papo hapo kama kiambishi cha wingi kiko jirani. Ukipata kitenzi, tafuta W, N au SH karibu na irabu yake ya mwisho, kwa kuwa *piga* huweza kuzaa *pigwa*, *pigana* iwapo A ya ziada ipo, au *pigisha* iwapo I ya ziada ipo. Kusoma kinyumenyume pia kunawezekana, lakini *tua* likisomwa kutoka mwisho huwa *aut*, na *tama* huwa *amat*, na yote mawili hayana maana. Mbinu hii ya mwisho ina faida ndogo kwa Kiswahili, na anayeanza asipoteze muda nayo.

Mraba mkubwa zaidi upo?

Upo wa dadu 25, safu tano kwa tano, na katika huo maneno ya herufi tatu huachwa, hivyo neno fupi kabisa ni la herufi nne. Unawafaa watu wazima waliozoea.

Watoto wetu wamekulia ughaibuni na wanajua Kiingereza zaidi. Tuchanganye lugha?

Kuchanganya ndani ya mzunguko mmoja hakufai, kwa sababu mtoto atabaki upande wa lugha iliyo nyepesi kwake. Chezeni mzunguko mmoja kwa Kiingereza na unaofuata kwa Kiswahili, mkijumlisha alama zote pamoja. Wazazi watapigwa katika ule wa kwanza na kulipa kisasi katika wa pili, jambo linalofanya pande zote mbili zitake kuendelea. Katika mizunguko ya Kiswahili, mruhusuni mtoto aulize maana ya neno aliloliunda kwa kubahatisha. Likiwa ni neno halisi, apewe alama yake.

Dadu moja ikipotea tufanye nini?

Andikeni mapema herufi sita za kila dadu kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, ili inayopotea itengenezwe upya bila kukisia. Mpaka hapo, acheni kishimo kimoja kitupu pembeni mwa mraba, si katikati, kwa sababu dadu ya katikati hupakana na nane wakati ya pembeni kabisa hupakana na tatu tu.